Mkonga wa Zamani au Mpya? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Land Cruiser 70

Nilianza gereji nikiwa kijana, baadaye nikakaa nyuma ya usukani nikipeleka wageni mbugani kutoka Arusha. Kwa hiyo magari haya nimeyajua kwa pande zote mbili: nikiwa nimelala chini yake na nikiwa nimekaa juu yake. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa kila mara na madereva wenzangu, na watu wanaotaka kununua, na wenye kampuni ndogo za utalii wanaogopa kukosea kwa gari la bei kubwa namna hii. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tatu.

## Majina na vizazi

1. Mkonga ni gari gani hasa?

Ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, ile iliyonyooka kama kabati, yenye boneti ndefu na vioo bapa. Jina limetokana na lile bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele kama mkonga wa tembo, ambalo injini huvutia hewa. Mtaani neno limepanuka hadi pikapu isiyo na bomba lolote nayo huitwa mkonga, na hakuna ubaya, mradi mnaelewana.

Toyota ilianza kuliuza Novemba 1984 lichukue nafasi ya familia ya 40. Tangu hapo halijaacha kuundwa.

2. Mpaka kati ya "la zamani" na "jipya" uko wapi?

Hapa ndipo watu wanapopishana, kwa sababu umri wa gari hautoshi kukujibu. Toyota haikubadilisha gari hili kwa mkupuo, ilibadilisha kipande kwa kipande. Mwaka 1990 ilikuja injini ya dizeli iitwayo 1HZ. Mwaka 1999 yalibadilishwa mambo ya chini: springi za mbele, ekseli, nati za matairi. Mwaka 2007 ilikuja V8 ya dizeli, yaani injini ya silinda 8, na uso wa gari ukapanuliwa ili injini hiyo ienee. Mwishoni mwa 2023 ikaja injini ya dizeli ya lita 2.8 yenye tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), giaboksi ya otomatiki yenye gia 6, na taa za duara zinazofanana na za babu yake.

Jambo linalochanganya ni hili: 1HZ iliendelea kufungwa kwenye magari mapya ya masoko kama yetu miaka mingi baada ya V8 kutoka. Unaweza kukuta gari ambalo bado linanukia upya wa kiwandani, na injini yake ni ya muundo wa 1990. Kwa hiyo mtu akikuambia "langu ni jipya", muulize injini gani.

Katika ukurasa huu, "la zamani" ni lenye 1HZ, na "jipya" ni lenye 2.8. V8 nitaitaja kwa jina lake.

3. Nitajuaje ninaloangalia ni lipi, bila kumtegemea dalali?

Soma kibati kilichopo ndani ya boneti. Herufi za mwanzo ni injini: HZ ni 1HZ, VD ni V8 ya dizeli, GD ni 2.8, na GR ni petroli ya lita 4.0. Herufi J ni ukoo wa Land Cruiser. Namba ni bodi: 76 ni la milango minne na mlango wa nyuma, 78 ni lile refu la kubebea watu, 79 ni pikapu. Kwa hiyo HZJ78 ni lile refu lenye 1HZ, na GDJ79 ni pikapu yenye 2.8.

Ukiona 75 badala ya 78 au 79, hilo ni la kabla ya mabadiliko ya 1999. Tazama swali la 11 na la 12 kabla hujatoa pesa.

4. Je, VX, Prado na V8 za wakubwa si mkonga?

Hapana. Yale tunayoyaita mashangingi, yaani familia ya 100, 200 na sasa 300 iliyotoka 2021, ni ukoo mwingine, wenye springi za mbele zinazojitegemea kila upande. Mtaani ukisema "V8" peke yake watu huelewa lile la 200. Humu, V8 ni injini iliyo ndani ya mkonga.

## Injini

5. 1HZ, V8 na 2.8 zinatofautiana nini?

1HZ ina silinda 6 kwa mstari mmoja, cc 4,164, haina tabo wala kompyuta ya kuendesha mafuta. Pampu yake ni ya chuma inayozungushwa na injini. Nguvu zake ni za farasi 130 hivi, na nguvu ya kuvuta ni Nm 285. V8 ina cc 4,461, tabo moja, na Nm 430. Ile ya 2.8 ina silinda 4 tu, cc 2,755, lakini inatoa nguvu za farasi 204 na Nm 500 ikiwa na otomatiki. Kwa gia za mkono Toyota imeishusha hadi Nm 450.

Namba hizo hazisemi kitu mpaka upande mlima. Chukua barabara ya kutoka lango la Lodoare kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana hewa inakuwa nyembamba. Ukifika ukingoni, 1HZ yako imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu, na ndani mna wageni sita na mizigo yao. Unakwenda na gia ya pili, moshi mweusi nyuma, macho kwenye geji ya joto. Ile ya 2.8 inapanda hapohapo wageni wanaongea bila kuinua sauti. Tabo inairudishia hewa iliyopungua.

Nilipopanda nayo mara ya kwanza nilikaa kimya njia nzima. Nilikuwa nimeitetea 1HZ miaka mingi.

6. Injini ya lita 2.8 itadumu kwenye gari zito hivi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mzee wa gereji. Hofu ina msingi, kwani injini ndogo inayosukumwa na tabo hufanya kazi kwa presha kubwa zaidi. Lakini hii si injini ya majaribio. Ilitoka 2015, ikafungwa kwenye Hilux na Prado, na hizo tumeziona zikipigwa kila siku kwenye barabara hizihizi. Taiming yake, yaani kinachopatanisha valvu na pistoni, ni ya cheni, si mkanda.

Ninachoweza kusema kwa uaminifu ni kwamba 1HZ zenye kilomita laki tano bila kufunguliwa nimezishika kwa mikono yangu. Za 2.8 za umri huo kwenye mkonga bado hazijafika gereji kwetu. Hilux za 2.8 zilizotunzwa oili na filta zinakwenda vizuri, na zilizopuuzwa zinakufa mapema kuliko ambavyo 1HZ ingekufa kwa kupuuzwa kulekule. 1HZ inasamehe, hii mpya haisamehi.

7. Dizeli ya kwenye madumu vijijini inafaa?

Kwa 1HZ, ndiyo, kwa uangalifu. Kwa V8 na 2.8, ogopa.

Injini hizi mpya husukuma dizeli kwa presha kubwa mno kupitia nozeli zenye matundu membamba kama unywele. Tone la maji au mchanga laini unaweza kuziharibu, na nozeli moja orijino ni bei ya kumuumiza mtu. V8 inazo nane.

Tulijaza lita 40 za dumu upande wa Loliondo tukiwa na gari la 2.8, mafuta ya kituo yalikuwa yamekwisha. Kilomita chache mbele taa ya filta ikawaka, kisha gari likajipunguzia nguvu lenyewe, likawa linatambaa kama linaumwa. Nililegeza skrubu ya chini ya filta, nikakinga chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa. Robo nzima ya chupa ilikuwa maji, dizeli ikielea juu yake kama mafuta ya taa kwenye ndoo. Tulifika, lakini kwa mwendo wa punda.

Tangu siku hiyo natembea na faneli yenye chujio na filta mbili za akiba. Ukilazimika kutumia dumu, liache litulie usiku kucha na usimimine mpaka tone la mwisho. Kama gari lina chujio la masizi kwenye bomba la moshi, lile liitwalo DPF, dizeli yenye salfa nyingi ni adui mwingine, kwa hiyo muulize muuzaji kama la kwako linalo.

8. Taa ya T-BELT imewaka kwenye gari langu la 1HZ. Naweza kuendelea?

Endelea mpaka gereji, si mpaka msimu uishe. Taa hiyo haisikilizi mkanda wa taiming kama umechoka. Inahesabu kilomita tu, na kwa magari mengi ya kwetu huwaka kila 100,000. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hapo unazungumzia silinda hedi.

Tatizo kubwa ni kwamba taa hiyo huzimwa kwa urahisi sana nyuma ya dashibodi. Nimefungua magari yenye taa imezimwa na mkanda wa kiwandani bado umo ndani, umepasuka kama ngozi ya kiatu cha zamani. Ukinunua gari la 1HZ, badilisha mkanda wiki ya kwanza hata kama muuzaji ameapa kwa Mungu, pamoja na beringi yake ya kukazia.

9. Naweza kufunga tabo kwenye 1HZ ili nipate nguvu za gari jipya?

Watu wengi wamefanya, na wengi wamerudi kwangu. 1HZ haikuundwa kwa tabo. Dizeli yake huanza kuwaka kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, na ukiongeza joto na presha, eneo hilo hupasuka. Wapo waliofanikiwa kwa kuweka presha ndogo, geji ya joto la moshi, na nidhamu ya mguu. Sasa jiulize kama dereva wako wa kuajiriwa, mgeni anachelewa ndege, atakuwa na nidhamu hiyo.

10. Yanakula mafuta kiasi gani?

Kwa 1HZ iliyopakia, mimi nahesabu kilomita 7 hadi 8 kwa lita barabara nzuri, na pungufu kwenye mchanga. Kwa soko la Australia Toyota ilitangaza lita 9.6 kwa kilomita 100 kwa 2.8 ya otomatiki, na lita 10.7 kwa V8. Hizo ni namba za maabara, kazini zitapanda, lakini tofauti kati ya injini na injini ni ya kweli na utaiona kwenye risiti za mwezi. Tangi la 76 na 79 ni lita 130, na 78 ina matangi mawili yanayofikisha 180.

## Chini ya gari

11. Ni kweli la kabla ya 1999 linatikisa zaidi?

Ni kweli, na wageni wenye mgongo mbovu watakuambia. La zamani hilo lina springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Kuanzia 1999 mbele kukawekwa springi za koili, nyuma zikabaki bapa lakini ndefu zaidi. Hadi leo, hata kwenye 2.8, mpangilio ni huohuo, na ekseli ya mbele bado ni chuma kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ndiyo maana nasema jipya ni jipya kwa juu, chini ni ndugu wa damu wa lile la 1999.

Kwenye barabara ya rasta, yaani yenye matuta madogo madogo yaliyopangana, kama ile ya kuingia Serengeti kupitia Naabi, koili zinakusaidia usukani usikupige viganja. Nyuma hakuna aliyeokoka.

12. Kwa nini mengine yana nati 5 na mengine 6?

Ekseli za kabla ya 1999 zina nati 6 kila gurudumu, za baadaye zina 5 zilizo nene zaidi. Maana yake ni kwamba rimu haziingiliani. Ukiwa na magari mawili kwenye msafara, moja la nati 5 na moja la 6, tairi la akiba la mwenzako halikusaidii kitu. Na ukikuta gari lenye nati 5 mbele na 6 nyuma, limeungwa vipande vya magari mawili. Ondoka hapo.

13. Kwa nini matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele?

Ulipopanuliwa uso ili V8 ienee, ekseli ya mbele iliongezwa upana na ya nyuma ikaachwa. Tofauti ni kama milimita 95 kwa jumla, na 2.8 imeirithi. Kwenye lami huioni. Kwenye mchanga au tope zito, matairi ya nyuma yanajichimbia njia yao badala ya kupita palipokwisha kushindiliwa, na gari linalazimika kufanya kazi mara mbili. Magari ya kabla ya hapo hayana kasoro hiyo. Ni hatua moja nyuma ambayo Toyota ingeweza kuirekebisha na haikufanya, na inaniudhi.

14. Mkonga unaniruhusu kuingia maji ya kina gani?

Toyota inasema milimita 700, kwa la zamani na jipya. Bomba la pembeni linaokoa pumzi ya injini tu. Halizuii maji kuingia kwenye difu (kasha la gia katikati ya ekseli), breki, wala waya. Kwanza hakikisha maungio ya bomba hilo na kasha la filta yamefungwa sawasawa, kwa sababu mengi ninayoyakagua yanavuta vumbi kwenye kiungo na mwenyewe hana habari.

Hapa la zamani lina faida kubwa. 1HZ haijali sana umeme kulowa. V8 alteneta yake imekaa chini, tope linaiingia na kuimaliza, kwa hiyo ukivuka mto wa tope, isukutue kwa maji safi siku hiyohiyo. Kwa yote, baada ya kuvuka maji marefu, fungua nati ya difu uangalie oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage.

15. Otomatiki itaweza kwenye udongo mweusi wa mbuga?

Itaweza, na nilikuwa wa mwisho kukubali. Kwenye udongo ule, dereva wa gia za mkono anapokata mwendo ili abadili gia, gari linasimama na habari imeisha. Otomatiki haikati mvuto. Inapungukiwa unaposhuka: weka gia ya chini ya fowili na chagua gia mwenyewe, usiiachie ichague kwenye barabara ya Seneto ukiingia kreta. Na ukikwama betri ikiwa imekufa, otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa. 1HZ ya gia za mkono tumeisukuma na Wamasai wanne na ikawaka.

## Usalama

16. La zamani ni la chuma kigumu, si ndilo salama zaidi?

Hapana, na naomba ulisome jibu hili hata ukiruka mengine. Chuma kigumu kinaokoa gari. Mtu aliye ndani ndiye anayepokea kishindo ambacho gari limekataa kukipokea.

Mikonga mingi ya zamani iliyoko barabarani kwetu haina mifuko ya hewa, haina breki za ABS (zinazozuia matairi yasijifunge ukikanyaga ghafla), na yale marefu ya 78 na 75 yana viti vya ubavuni ambavyo abiria hukaa wakitazamana, mara nyingi bila mkanda wa maana. Magari mapya yanakuja na breki za ABS, mifuko ya hewa, na mfumo wa kulizuia gari lisiteleze na kuserereka. Vifaa hutofautiana kwa soko, kwa hiyo dai karatasi ya orodha ya gari lenyewe, usiridhike na picha ya mtandaoni.

Nimewahi kusimama kwenye ajali ya gari refu lililopinduka kwenye kona ya vumbi. Bodi ilikuwa imekunjika kidogo tu, ungesema litanyooshwa wiki moja. Waliokuwa kwenye viti vya ubavuni ndio walioumia. Ukiwa na la zamani na unabeba watu, toa viti hivyo, weka vinavyotazama mbele, vyenye mkanda uliofungwa kwenye chesisi au kwenye chuma kilichoimarishwa, si kwenye bati la sakafu.

## Matengenezo na spea

17. Likiharibika porini, lipi litanirudisha nyumbani?

Kwa wastani, la zamani. Mpira wa dizeli karibu na filta wa gari langu la 1HZ ulipasuka njia ya Ziwa Natron, jua la saa saba. Nilikata sehemu iliyooza kwa kisu, nikarudishia, nikaikaza kwa waya, halafu nikabonyeza pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta kwa kidole gumba mpaka ikawa ngumu. Dakika ishirini tukaondoka. Hakuna kompyuta iliyotakiwa kuridhia.

Jipya huharibika mara chache zaidi njiani, hilo lazima nilikiri. Lakini likiharibika kwa sensa au waya, kisu na waya havisaidii. Anayetembea na jipya maeneo ya mbali awe na mashine ndogo ya kusoma hitilafu, filta, fyuzi, na simu ya setilaiti kama kipato kinaruhusu.

18. Spea za lipi zinapatikana kirahisi?

Za 1HZ ziko kila mahali: Gerezani Kariakoo, Arusha mjini, Kirinyaga Road Nairobi, na hata duka la mji mdogo lenye rafu mbili. Wingi huo ndio pia hatari yake, kwa sababu feki ni nyingi mno. Nilishanunua pampu ya maji kwenye boksi zuri lenye nembo kamili, ikavuja kabla ya miezi miwili na kunichemshia injini. Siku hizi naangalia uzito, naangalia ukingo wa chuma ulipopigwa msasa, na nachukua ile ya zamani nilinganishe kabla sijalipa.

Za 2.8 za injini unaweza kuzipata kupitia Hilux na Prado. Za bodi mpya, taa na dashibodi utaagiza na kusubiri.

Ukiwa Kenya, pikapu ya 79 imekuwa ikiunganishwa Mombasa, na hilo huwasaidia wenye pikapu hizo.

19. Fundi wangu wa siku zote ataliweza jipya?

Breki, springi, ekseli, difu, atayaweza leo hii, maana ni yaleyale (swali la 11). Injini na giaboksi ya otomatiki, mpaka awe na mashine ya kupimia na awe amejifunza kuitumia. Usimruhusu mtu afungue mabomba ya presha ya dizeli kwenye uwanja wa vumbi, hata kama amekutengenezea magari miaka 20.

## Kununua

20. Nikague nini kwa la zamani?

Washa likiwa baridi. Ukifika ukakuta muuzaji ameshalipasha moto, rudi kesho asubuhi. Moshi mweupe usioisha na harufu kali ni nozeli au presha ndogo ya silinda. Fungua kifuniko cha rejeta kabla ya kuwasha, tafuta utelezi wa oili. Kisha lala chini: chesisi juu ya ekseli ya nyuma ndipo nyufa zinapoanzia, na zilizochomelewa hufichwa na rangi nyeusi mpya. Chesisi iliyopakwa rangi jana ni swali, si sifa. Mbele, angalia magoti ya ekseli kama yanavuja grisi iliyochanganyika na oili. Nati tazama swali la 12, mkanda swali la 8.

21. Sheria za umri zinasemaje?

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania unaweza kuingiza la zamani, lakini utatozwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo pitia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla hujalipia Japani. Wengi hugundua bei nafuu ya la zamani imeliwa yote bandarini.

22. Nimeona la Japani kwa bei nzuri, linasema volti 24. Ni tatizo?

Si ubovu. Magari mengi ya 1HZ ya soko la Japani yalikuwa ya volti 24, ya kwetu ni 12 hata yakiwa na betri mbili. Staata, alteneta, plagi za kupashia joto, taa na redio vyote ni tofauti. Friji ya wageni ya volti 12 ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Ukilinunua, andika "24" kwa rangi juu ya kifuniko cha betri, kuna siku fundi mgeni ataligusa.

23. Niko Bukavu au Kigali, naweza kununua kutoka Dar?

Angalia usukani. Congo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa usukani wa kushoto; magari ya Tanzania, Kenya na Uganda yana usukani upande mwingine. Magari ya mashirika ya misaada yenye usukani wa kushoto huuzwa mnadani mara kwa mara, na mengi ni HZJ78 zilizotunzwa kwa ratiba. Hizo ndizo za kusubiri.

24. Nataka kulirefusha na kukata paa kwa ajili ya utalii. La zamani au jipya?

Gereji za Arusha na Nairobi zimerefusha 1HZ kwa miaka mingi, zinajua pa kukata na pa kuimarisha. Kwa jipya kuna jambo la ziada: breki za ABS na mfumo wa kuzuia kuserereka vimepangwa kwa urefu na uzito wa kiwandani. Ukiongeza urefu na safu moja ya viti, mfumo unasoma gari lisilokuwepo tena. Mwombe anayelirefusha akuoneshe gari lingine la 2.8 alilolifanya, lenye msimu mzima barabarani, na uongee na dereva wake, si na mwenye gari.

25. Wewe ungenunua lipi?

Kwa kazi ya wageni mzunguko wa kaskazini, ambako kati ya Arusha, Karatu na Seronera kuna mafuta na msaada, ningechukua la 2.8, na sababu ya kwanza ni swali la 16, si nguvu. Kwa kazi ya Katavi, mpakani, au popote ambapo gari hukaa wiki bila kuona fundi, bado ningechukua 1HZ ya baada ya 1999. V8 ya mkono wa pili singeichukua bila vitabu vya matengenezo, hata sauti yake ikinivutia vipi.

26. Nina la zamani zuri. Nitoe 1HZ niweke 2.8?

Kufunga chuma ni kazi ya wiki. Kinachokushinda ni waya: kompyuta ya injini inataka kuongea na giaboksi, dashibodi, ufunguo na kanyagio la mafuta, na vyote hivyo havimo kwenye gari lako. Namba ya injini kwenye kadi ya gari nayo itabidi ibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza utaonekana mwizi. Na breki zako zitabaki za zamani chini ya injini yenye nguvu mara moja na nusu.

Gharama hiyo hiyo, fanyia 1HZ yako hivi: nozeli zipimwe, pampu ya dizeli isafishwe na kuwekwa sawa, rejeta mpya, klachi, mkanda, na breki za mbele zote. Halafu ipande Lodoare taratibu, na gia ya pili.